Roki Changamano: Istilahi na Maana Yake
Mwaka 1967, bendi ya Uingereza The Moody Blues ilitoa albamu Days of Future Passed, iliyounganisha nyimbo za roki na pop na vipande vya okestra. Mwaka 1972, Jethro Tull walitoa Thick as a Brick, utunzi mmoja uliojaza pande zote mbili za santuri, ukichanganya gitaa la umeme, filimbi na mahadhi ya muziki wa jadi. Kuuita muziki huu “roki endelevu” kunapotosha: “endelevu” hudokeza kudumu, ilhali sifa yake kuu ni kuchangamanisha tanzu. “Roki changamano” inafaa zaidi, na msomaji amekwisha kuizoea dhana hiyo katika “sentensi changamano”. Hivyo, kabla ya kusanifishwa, istilahi za sanaa zipimwe kwa kazi zenyewe, si kwa kamusi pekee.