Mlio Mwembamba Kati ya Vizibo

Sogeeni karibu, wanangu. Leo nawasimulia habari ya mashine inayosikia metali iliyofukiwa udongoni, na nitaanza na kitanda cha mgonjwa.

Julai 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi katika kituo cha treni mjini Washington. Risasi ikabaki mwilini, na madaktari wakaitafuta kwa vidole vyao wasiipate. Akaitwa Alexander Graham Bell, yule wa simu. Alikuja na chombo cha nyaya zilizoviringishwa, chenye kisikizio cha kuweka sikioni: kikikaribia metali, kinalia. Alikuwa amekijaribu kwa askari wa zamani waliokuwa na risasi miilini, kikafanya kazi. Kwa rais, kililia ovyo, mlio hafifu uliotapakaa huku na huku. Baadaye Bell akabaini kwamba chini ya mgonjwa palikuwa na godoro lenye nyaya za chuma. Isitoshe, daktari mkuu alimruhusu apime upande wa kulia tu, kumbe risasi ilikuwa kushoto. Septemba 19, Garfield akafariki.

Nimewaanzia na kitanda hicho kwa sababu kila anayetafuta sarafu katika bustani kongwe ya mji wa Marekani hukanyaga godoro la aina ile. Lake limetandazwa ardhini: misumari yenye kutu, vizibo vya soda, vipande vya karatasi ya aluminiamu, na vile vipete vya kufungulia makopo.

Hivyo vipete vina kisa chake. Zamani kopo la kinywaji lilitobolewa kwa kifunguo. Siku moja mwaka 1959 Ermal Fraze, fundi wa Ohio, alikwenda matembezini na watu wake akakisahau chake nyumbani, ikabidi atoboe makopo kwa bampa ya gari. Akarudi akabuni kifuniko chenye kipete: unavuta, kinang'oka. Watu walikipenda sana, wakanywa, wakatupa vipete majanini na ufukweni, vikakata nyayo za watoto. Mwaka 1975 kikaja kipete kisichobanduka, hiki mnachokijua nyinyi. Lakini vilivyokwisha kutupwa bado vimo ardhini. Na sikilizeni ajabu hii: sarafu za Marekani za senti 10 na senti 25 zilikuwa na asilimia 90 ya madini ya fedha hadi zile zenye mwaka 1964. Kwa hiyo fedha ilipokuwa ikitoka mifukoni mwa watu, vipete vilikuwa ndiyo kwanza vinamwagika juu ya zile zilizokwisha kudondoka.

Sasa mashine yenyewe. Kwenye ncha ya fimbo kuna koili, yaani waya ulioviringishwa. Umeme unaopita humo hubadili mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, ukazaa uga wa sumaku unaozama ardhini. Uga huo ukikuta metali, huamsha ndani yake vijimkondo vya umeme, na vijimkondo hivyo hutoa uga wao mdogo unaorudi juu. Koili huupokea, mashine ikaugeuza kuwa mlio na namba. Chuma hulia kwa sauti nzito. Fedha, inayopitisha umeme vizuri kuliko metali zote, hulia kwa sauti ya juu, nyembamba.

Tatizo ni kwamba mashine haioni umbo. Ile sarafu ya senti 5, ambayo ni shaba iliyochanganywa na nikeli, hutoa namba moja na vipete vingi. Pete ya dhahabu pia. Anayeiamuru mashine inyamazie vipete anapata asubuhi tulivu, na pete ya dhahabu ya bibi harusi ataipita juu bila kujua. Msumari nao una ubaya wake: ukilala karibu na sarafu, mashine iliyoambiwa ikatae chuma huweza kuimeza sauti ya sarafu pia.

Mimi nawaheshimu sana wanaokubali kuzisikia taka. Wao hufunga koili ndogo, ya upana wa kisahani, ili isifunike vitu vitano kwa pamoja. Hupunguza ukali wa mashine na kuipeleka taratibu, hatua fupi fupi. Wakisikia mlio mzuri huzunguka wakaujaribu tena kwa upande wa pili, maana sarafu ni duara na mara nyingi hulia vilevile kotekote, wakati msumari uliopinda hukatika sauti au huhama mahali.

Na kabla ya yote huomba ruhusa. Hifadhi za taifa za Marekani zimekataza utafutaji huu. Huku kwetu msithubutu kwenda kuchimba kwenye magofu kama ya Kilwa, ambako masultani waligonga sarafu zao za shaba: sarafu iking'olewa bila wanaakiolojia, hakuna tena atakayejua ililala kwenye tabaka gani, na jirani ya nini.

Basi mtazameni mtafutaji mmoja chini ya mti mkubwa. Kizibo, kizibo, msumari. Anaviokota vyote na kuvitia mfukoni, kwa kuwa kila taka inayoondoka inafungulia sauti iliyokuwa chini yake. Kisha, katikati ya mikwaruzo, tii! Mwembamba, mara moja. Anazunguka: tii! Anakata majani pande tatu, anayafunua kama kifuniko cha kitabu, anafukua kwa vidole. Ukingo wenye mikato midogo unang'aa. Fedha haina kutu kama msumari. Anaifuta udongo kidogo tu, asiikwaruze, anaisoma mwaka.

Lakini harudishi udongo bado. Anainama tena na koili juu ya shimo lile lile.