Fahamu: Wanasesere wa Krismasi wanavyotembea na kuimba kwenye runinga

Ikifika Desemba, kwenye mabanda ya video na kwenye simu zetu huonekana filamu za Krismasi ambamo wanasesere wanatembea, wanalia na kuimba. Mtoto akiuliza kama ni wazima, wengi wetu tunajibu kuwa ni kompyuta. Kwa filamu nyingi za sasa jibu hilo ni sahihi. Lakini mojawapo ya zile maarufu zaidi ilitengenezwa kwa mikono, na njia iliyotumika unaweza kuijaribu leo hapa Mbinga au kule Mbamba Bay kwa simu moja tu.

Filamu yenyewe

Inaitwa Rudolph the Red-Nosed Reindeer. Ilioneshwa mara ya kwanza na kituo cha NBC cha Marekani tarehe 6 Desemba 1964, na tangu hapo huoneshwa huko kila mwaka.

Rudolph ni mnyama wa nchi za baridi anayefanana na kulungu. Pua yake nyekundu inawaka kama taa, na kwa sababu hiyo wenzake wanamcheka na kumtenga. Lakini usiku wa Krismasi, hali ya hewa inapoharibika, ni pua hiyohiyo inayomulika njia ya Baba Krismasi anapopeleka zawadi.

Hadithi hiyo ilitungwa mwaka 1939 na Robert L. May, mfanyakazi wa kampuni ya maduka ya Montgomery Ward, ili wateja wagawiwe bure. Mwaka 1949 ikawa wimbo, uliotungwa na Johnny Marks na kuimbwa na Gene Autry.

Sauti kwanza, picha baadaye

Hapa msikilizaji wa redio ataelewa haraka, maana kazi ilianza kama mchezo wa redio. Waigizaji walirekodiwa Toronto, Kanada, kabla mwanasesere hata mmoja hajasogezwa. Kisha sauti zikapelekwa Tokyo, Japani, kwa fundi Tadahito Mochinaga na wenzake.

Mafundi hao walikuwa na wanasesere wadogo wa mbao, waya na vitambaa. Walipiga picha moja, wakasogeza mguu kidogo sana, wakapiga nyingine. Picha hizo zikipitishwa haraka mfululizo, jicho haliwezi kuzitenganisha, bali huona mwendo.

Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde, sawa na picha 1,440 kwa dakika. Hata kama kila mkao utapigwa picha mara mbili, bado fundi atamsogeza mwanasesere mara 720 ili apate dakika moja. Filamu ya Rudolph ina takriban dakika 50.

Ndiyo maana sauti hutangulia. Fundi lazima ajue neno fulani linachukua picha ngapi, ili mdomo ufunguke na kufungwa kwa wakati wake.

Watazamaji walidai ahadi

Ndani ya filamu kuna kisiwa cha vitu vya kuchezea vyenye kasoro, ambavyo hakuna mtoto anayevitaka. Vinaahidiwa kutafutiwa watoto wa kuvipokea. Mwaka 1964 filamu iliisha bila ahadi hiyo kutimizwa. Watazamaji wakalalamika, na mwaka 1965 ikaongezwa sehemu ambayo Baba Krismasi anakwenda kuvichukua.

Je, na sisi tunaweza?

Desemba yetu haina theluji. Ina mvua, palizi ya mahindi na mitumbwi ya wavuvi Ziwa Nyasa. Mtoto anayeona theluji tu kila mwaka anaweza kudhani Krismasi ni ya watu wengine. Lakini picha zetu nazo zimewahi kusafiri. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru hapahapa Ruvuma, alianzisha mtindo wa uchoraji ambao baadaye ulitumika katika katuni za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi na kuanza kuoneshwa mwaka 2010.

Ukitaka kujaribu na watoto nyumbani au shuleni, fuata hatua hizi:

1. Rekodi sauti kwanza. Wimbo wa sekunde 20 unatosha. Tungeni wenu, kwa sababu wimbo wa mtu mwingine una mwenyewe kisheria, na hapa nchini hakimiliki husimamiwa na COSOTA.

2. Tengeneza mwanasesere kwa waya laini na vitambaa. Udongo mtupu hupasuka ukikauka.

3. Funga simu kwenye kigoda isitikisike. Fanyeni kazi ndani kwa mwanga wa taa, maana jua huhama na wingu hubadilisha picha.

4. Kwa kuanzia, picha 10 kwa sekunde zinatosha. Wimbo wa sekunde 20 utahitaji picha 200. Zipo programu za bure za kuziunganisha, na baadhi hazihitaji bando ukishazipakua.

5. Sogeza kidogo, toa mkono, piga picha. Mkono ukionekana, rudia.

Mkimaliza, msimtupe mwanasesere wenu. Rudolph na Baba Krismasi waliotumika katika filamu ile, ambao hakuna anayezidi urefu wa rula ya sentimita 30, waliuzwa kwa mnada Marekani mwaka 2020 kwa dola 368,000.