Mtoto Ameitwa Shule ya Uuguzi: Avae Nini?



Matokeo ya KCSE yakishatoka, vikundi vyetu kuanzia Lunga Lunga hadi Kinango huletewa ombi la namna moja. Mtoto amepata alama nzuri, anataka kuwa muuguzi au afisa wa kliniki. Sasa ameitwa kuhojiwa, au anataka kwenda kukiona chuo, naye hana nguo. Hapo ndipo mbuzi huuzwa ili suti inunuliwe. Siku ya karo ikifika, mbuzi hayuko, na suti hailipi karo! Tusaidiane kufikiri kabla ya kuuza.

KWANZA: NANI AMEMWITA?

Chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, KMTC, kilianza mwaka 1927, na tawi lake mojawapo liko hapa kwetu Msambweni. Siku hizi nafasi huombwa kupitia KUCCPS, chombo cha serikali kinachowapanga wanafunzi kufuatana na alama za KCSE. Kwa hiyo mtu akija kijijini akasema, "Nipeni pesa, nitamwingiza mtoto kwa intavyu ya KMTC," huyo mwambieni njia ni ile aliyojia.

Hata hivyo mahojiano yapo. Baadhi ya shule za uuguzi za misheni na za watu binafsi huwaita vijana na kuwauliza maswali. Kamati za basari nazo huweza kumwita mwombaji.

PILI: WANATAZAMA NINI?

Anayehoji anajiuliza: huyu nikimweka kando ya mgonjwa, itakuwaje? Hatazami bei ya nguo. Kucha ndefu huficha vijidudu. Kiatu cha wazi hakizuii sindano iliyoanguka wala damu iliyomwagika. Mkono mrefu wa nguo waweza kubeba uchafu kutoka kitanda hiki hadi kile. Ndiyo maana mwaka 2007 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba wanaohudumia wagonjwa wavae mikono mifupi na wavue saa. Hayo ni ya wodini. Siku ya kuhojiwa mikono mirefu haina neno. Lakini kijana aliyekata kucha na kufunga viatu vyake vizuri amekwisha kujibu swali moja kabla hajafungua mdomo.

TATU: NGUO ZENYEWE

Mvulana: shati safi lenye kola, suruali ndefu ya rangi iliyotulia, mshipi, soksi na viatu vya kufunika vilivyopigwa rangi. Tai ikipatikana ni vizuri. Isipopatikana si hoja. Koti zito kwa joto la pwani litamtoa jasho bure.

Msichana: sketi au gauni lililopita magoti, blauzi isiyobana, viatu vya chini. Mwislamu avae buibui au hijabu yake bila wasiwasi, mradi ni safi na imepigwa pasi. Kama anataka kujua sare ya chuo inaruhusu nini, aulize siku ya kutembelea, kabla ya kulipa chochote.

Wote: nywele nadhifu, bangili na mapambo yabaki nyumbani, manukato yasiwe makali. Mgonjwa mwenye pumu huweza kubanwa na harufu kali, basi na tuanze kuzoea.

NNE: NJIANI

Barabara zetu zina vumbi, na kivuko cha Likoni kina msongamano. Msichana ajifunge leso juu ya nguo. Viatu vizuri vibebwe mfukoni, avivae akifika. Vyeti na kitambulisho viwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kama ni mbali, alale kwa jamaa usiku uliotangulia.

TANO: KAZI YA KIKUNDI

Kikundi kiwe na sanduku la nguo. Nguo nzuri hupatikana kwa mitumba, Ukunda au Kongowea: mashati mawili, suruali mbili, sketi mbili, viatu jozi kadhaa za saizi tofauti. Fundi wa kijijini azipunguze au azitoe upindo. Mweka hazina aandike daftarini nani amechukua na atarudisha lini. Nguo irudi imefuliwa. Hivyo suti ya mtoto mmoja huwavalisha watoto kumi, na mbuzi anabaki zizini akingojea karo.

Na kitu kimoja zaidi: kijana anayekopa asisemwe kisimani. Waraka wa Yakobo, sura ya pili, unakemea kumpa kiti tajiri kwa sababu ya mavazi yake na kumsimamisha maskini. Tusije tukalifanya jambo hilo wenyewe kikundini.

YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Mwaka huu ni vijana wangapi wetu wanataka kazi za afya?
2. Nani atatunza sanduku, na nani atashika daftari?
3. Tutawaonyaje wazazi juu ya matapeli wa nafasi za chuo?