Ushindi 111 haukutosha: nani alimwangusha kocha John Cooper wa Ohio State?

Siku ya posho, tarehe 25 Novemba 1995, katika mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan huko Marekani, kijana mmoja mzaliwa wa Kinshasa alikimbia na mpira mara 37. Mechi ilipomalizika alikuwa amepita yadi 313, karibu mita 286, na timu yake ya Chuo Kikuu cha Michigan ilikuwa imeshinda Ohio State 31 kwa 23.

Kijana huyo ni Tshimanga Biakabutuka. Wamarekani wanamwita Tim. Alizaliwa mwaka 1974, akakulia Quebec, Kanada, kisha akaenda kusoma na kucheza Michigan. Kwetu jina lake halisikiki sana, kwa sababu mchezo wake si kabumbu. Ni futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, ambamo wachezaji wanavaa kofia ngumu na kuangushana chini. Lakini katika mji wa Columbus, makao ya Ohio State, jina hilo linakumbukwa kwa uchungu. Timu yao ilifika Ann Arbor siku hiyo ikiwa imecheza mechi 11 bila kufungwa hata moja, na ilikuwa ya pili katika orodha ya inchi nzima.

Mtu aliyesimama kando ya uwanja akimwangalia Mukongomani huyo akipita katikati ya vijana wake ni kocha John Cooper. Miaka mitano baadaye alifukuzwa kazi. Na mpaka leo wapenzi wa Ohio State hawajakubaliana juu ya swali moja: kosa lilikuwa la nani?

Hesabu mbili za mtu mmoja

Cooper aliongoza Ohio State tangu mwaka 1988 hadi mwisho wa msimu wa 2000. Alishinda mechi 111, akapoteza 43, akatoka sare 4. Wakati anaondoka, kocha mmoja tu katika historia ya chuo hicho alikuwa amemzidi kwa ushindi: mzee Woody Hayes. Cooper alipata ubingwa wa ligi ya Big Ten mara tatu, kila mara akigawana na wengine. Mara mbili, msimu wa 1996 na ule wa 1998, timu yake ilimaliza ikiwa ya pili katika inchi nzima. Mchezaji wake Eddie George alipewa mwaka 1995 tuzo ya Heisman, ambayo inapewa mchezaji bora wa vyuo vikuu vyote.

Hiyo ni hesabu ya kwanza. Ya pili ni fupi zaidi: mechi 13 dhidi ya Michigan, ushindi 2, sare 1, kushindwa 10.

Ili kuelewa uzito wa hesabu hiyo ya pili, inafaa kujua kwamba vyuo hivi viwili vilikutana mara ya kwanza mwaka 1897. Mwenye kuishi Lubumbashi anajua namna mji unavyokuwa siku Mazembe inapokutana na Lupopo. Mwenye kuishi Bukavu anajua siku ya Muungano na Dawa. Lakini dabi zetu zinaweza kurudi mara mbili au zaidi kwa msimu. Ile ya Ohio State na Michigan inachezwa mara moja tu, mwishoni mwa msimu wa kawaida. Anayeshindwa anabeba aibu yake mwaka mzima, kazini, kanisani na hata ndani ya nyumba, maana kuna familia ambamo mume ni wa huku na mke ni wa kule.

Mara tatu, mwaka 1993, 1995 na 1996, Cooper alifika kwenye mechi hiyo akiwa hajafungwa na mtu yeyote. Mara zote tatu alifungwa: 28 kwa 0, 31 kwa 23, halafu 13 kwa 9.

Wenye kumlaumu

Upande wa kwanza unasema kwamba mtu anaweza kukosa bahati mara mbili au tatu, lakini si mara kumi. Wanakumbusha mechi ya 1996, iliyochezwa nyumbani Columbus. Ohio State iliongoza 9 kwa 0 wakati wa mapumziko, lakini pointi zote tisa zilitokana na mikwaju mitatu ya mguu, yenye pointi tatu kila mmoja. Timu ilikuwa inafika karibu na mstari wa mwisho, kisha inaridhika na kidogo badala ya kutafuta pointi sita. Kwao, huo ni woga, na woga unatoka kwa kocha.

Wanaongeza kwamba tatizo halikuwa Michigan peke yake. Mwaka 1998 Ohio State ilikuwa ya kwanza katika inchi nzima. Ikicheza nyumbani na Michigan State, iliongoza 24 kwa 9, mwishowe ikapoteza 28 kwa 24. Na katika mechi za heshima zinazofunga msimu, kama Rose Bowl, Cooper alishinda 3 tu kati ya 11.

Kuna pia lawama ya ugeni. Cooper alizaliwa Tennessee na alitokea Arizona State. Wapenzi wa zamani walisema hakuielewa dabi hii kama mtoto wa nyumbani. Walimlinganisha na Earle Bruce, kocha aliyemtangulia. Mwaka 1987 Bruce alifukuzwa katika juma lenyewe la mechi na Michigan, lakini akaachiwa aongoze mechi hiyo ya mwisho. Wachezaji wake waliingia uwanjani wakiwa wamefunga vitambaa kichwani vyenye jina lake, na wakashinda 23 kwa 20. Moyo wa namna hiyo, wakasema, Cooper hakuweza kuutia ndani ya vijana wake.

Hata hivyo, lawama hiyo ya ugeni ina doa. Mwezi wa Januari 1987, akiwa kocha wa Arizona State, Cooper alishinda Rose Bowl 22 kwa 15. Aliyemfunga siku hiyo alikuwa Michigan.

Wenye kumtetea

Upande wa pili unauliza swali rahisi: je, ni kocha aliyeteleza? Katika mechi ileile ya 1996, mlinzi mmoja wa Ohio State, miongoni mwa wachezaji bora wa timu, aliteleza na kuanguka. Tai Streets wa Michigan akapokea mpira na kukimbia mpaka mwisho, yadi 69. Mechi ikageuka hapo.

Mwaka uliofuata, Charles Woodson wa Michigan aliudaka mpira uliopigwa mbali na akapita wachezaji wote yadi 78. Michigan ilishinda 20 kwa 14. Woodson huyo alipata tuzo ya Heisman mwaka uleule, na Michigan ikamaliza msimu bila kufungwa na kugawana ubingwa wa inchi. Kupoteza kwa timu kama hiyo, wanasema watetezi, si uzembe. Na kuhusu Biakabutuka, kuna siku ambayo mchezaji anakuwa juu kuliko mpango wa kocha yeyote.

Watetezi wanataja jambo jingine ambalo linahusu namna mchezo wa vyuo unavyoendeshwa. Wachezaji ni wanafunzi. Wanakaa miaka minne au mitano hivi, kisha wanaondoka, na wakati ule hawakuwa wanalipwa mshahara. Mwanafunzi aliyeteleza mwaka 1996 hakuwepo tena mwaka 2000. Kocha ndiye pekee aliyebaki mahali pamoja, kwa hiyo madeni ya wote yakaandikwa kwa jina lake.

Na wakubwa wa chuo?

Kundi la tatu linatazama ofisini. Mwaka 1992, baada ya Cooper kupoteza mechi zake zote nne za mwanzo na Michigan, timu mbili zilitoka sare 13 kwa 13. Rekta wa chuo, Gordon Gee, alisema hadharani kwamba sare hiyo ni kati ya ushindi wao mkubwa kabisa. Maneno hayo yalichekwa kwa miaka mingi. Kwa wapenzi wengi yalionyesha kwamba uongozi wenyewe ulikuwa umeshusha kipimo. Mwenye kumwacha kocha kazini miaka 13, wanasema, hawezi kunawa mikono siku ya kumfukuza.

Siku ya kumfukuza ilifika tarehe 2 Januari 2001. Jana yake, Ohio State ilikuwa imefungwa 24 kwa 7 na South Carolina, timu ambayo msimu wa kabla yake ilikuwa imepoteza mechi zake zote 11. Mkurugenzi wa michezo, Andy Geiger, alieleza kwamba hakuangalia matokeo peke yake: masomo ya wachezaji na nidhamu yao vilikuwa vimeshuka pia. Kwa wenye kumlaumu Cooper, hayo yalifunga kesi. Kwa watetezi wake, ilikuwa njia ya kupamba uamuzi ambao ungechukuliwa kwa vyovyote, kwa sababu ya Michigan.

Ushahidi mmoja, hukumu mbili

Aliyechukua nafasi yake ni Jim Tressel, mtoto wa Ohio. Katika siku zake za kwanza kazini aliwaambia watu, wakati wa mechi ya basketi, kwamba watajivunia vijana wao baada ya siku 310, huko Ann Arbor. Siku hiyo ilipofika, alishinda 26 kwa 20. Mwaka uliofuata alishinda kila mechi, na tarehe 3 Januari 2003 Ohio State ikawa bingwa wa inchi kwa kuifunga Miami 31 kwa 24 baada ya muda wa nyongeza.

Lakini ni nani waliocheza? Craig Krenzel, aliyeongoza mashambulizi, na Mike Doss, nguzo ya ulinzi, waliingia chuoni wakati wa Cooper, sawa na wenzao wengi. Mwenye mbio wa timu, Maurice Clarett, alikuja na Tressel.

Hapo ndipo mabishano yanapokwama. Mtetezi wa Cooper anasema: mwaona, ubingwa ulijengwa na yeye. Mwenye kumlaumu anajibu: mwaona, vijana walikuwa wazuri, aliyekosekana ni kocha. Wote wawili wanashika ushahidi uleule. Na kwa kweli hawapingani. Kumpata mchezaji ni kazi moja, na kumpangia mechi moja kubwa ni kazi nyingine. Cooper aliifanya ya kwanza vizuri sana. Ya pili, dhidi ya mpinzani mmoja, ilimshinda.

Mlango ambao Cooper hakuupata

Mabishano haya yalirudi kwa nguvu mwishoni mwa mwaka 2024. Kocha wa sasa, Ryan Day, alipoteza nyumbani 13 kwa 10 mbele ya Michigan iliyokuwa imekwisha kufungwa mara tano msimu huo. Ilikuwa mara yake ya nne mfululizo kupoteza dabi. Wapenzi wengi walitaka afukuzwe, na jina la Cooper likarudi vinywani kama onyo.

Safari hii, hata hivyo, kulikuwa na mlango mwingine. Msimu huo ulikuwa wa kwanza ambamo timu 12 ziliruhusiwa kugombania ubingwa. Ohio State ikaingia pamoja na aibu yake, ikashinda mechi nne, na tarehe 20 Januari 2025 ikaifunga Notre Dame 34 kwa 23 na kuwa bingwa. Majuma saba tu yalitenganisha kelele za kumfukuza Day na sherehe za kombe.

Wakati wa Cooper, mlango huo haukuwepo. Mwaka 1995 na 1996, mechi moja iliyopotea mwishoni mwa Novemba ilifunga hesabu ya ubingwa. Hakuna anayeweza kusema kwamba angeshinda kama angepewa nafasi ya pili. Lakini sehemu ya lawama aliyoibeba ilitoka katika sheria za mashindano, ambazo hazikuandikwa na yeye wala na wachezaji wake. Wapenzi waliokuwa wanabishana juu ya kocha, wachezaji na wakubwa wa chuo hawakuwa na sababu ya kuziangalia sheria hizo mpaka zilipobadilika.

Mwaka 2008 Cooper aliingizwa katika jumba la heshima la futiboli ya vyuo vya Marekani. Baada ya kufukuzwa hakuhama mbali: aliendelea kuishi Columbus, katikati ya watu walewale waliomzomea.