Kisanduku Kilichofichwa Njiani: Maelezo kwa Kamati za Sharika

Wageni wanaotutembelea kutoka sharika rafiki za ng'ambo wametuuliza zaidi ya mara moja kama wanaweza kuficha visanduku kando ya njia za miguu hapa Babati, hasa upande wa Mlima Kwaraa unaouona ukiwa Maisaka. Wajumbe wa kamati nao wametuuliza, na wana haki ya kuuliza: kisanduku cha nini? Ndani kuna nini? Na kama hakina ubaya, kwa nini kifichwe? Tumeona ni vema tueleze jambo hili kabla halijafika mezani kwenye vikao.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Mtu huchukua kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, akaweka ndani daftari dogo na muhuri wa mpira, mara nyingi aliouchonga mwenyewe kwa wembe kwenye kifutio cha shule. Hulificha kopo hilo kando ya njia, kisha huandika maelekezo: anzia kwenye daraja, fuata bonde hadi mti wenye mashina mawili, hesabu hatua 40 kuelekea mawio ya jua, tazama nyuma ya jiwe refu. Mtafutaji naye hubeba muhuri wake, daftari lake na pedi ya wino. Akikipata kisanduku, hugonga muhuri wa kisanduku kwenye daftari lake na muhuri wake kwenye daftari la kisanduku, huandika tarehe, na kurudisha kila kitu kama alivyokikuta. Hakuna fedha wala zawadi. Anachorudi nacho nyumbani ni alama ya wino na miguu iliyochoka.

Asili yake ni Uingereza, kwenye nyika ya Dartmoor. Mwaka 1854 kiongozi wa watalii aitwaye James Perrott aliweka chupa mahali paitwapo Cranmere Pool, ili waliofika huko kwa miguu waache kadi zenye majina yao. Baadaye watembeaji wakawa wanaacha postikadi zenye anwani. Aliyefuata alizichukua na kuzitia posta. Ndiyo maana hadi leo huitwa visanduku vya barua. Nchini Marekani mchezo ulienea baada ya mwaka 1998, jarida moja kubwa lilipouandika. Mei 2000, serikali ya nchi hiyo ilipoondoa kizuizi kilichopunguza usahihi wa GPS kwa raia, Dave Ulmer alificha ndoo msituni Oregon na kutangaza vipimo vyake kwenye intaneti. Huo ni ndugu wa mchezo huu, ila unatumia setilaiti badala ya mafumbo.

Tusidhani kwamba sisi ni wageni kabisa wa jambo hili. Kwa miaka mingi kilele cha Kilimanjaro kilikuwa na sanduku lenye kitabu, na aliyefika aliandika jina lake. Mmoja wa waliopanda mlima huo mara nyingi sana alikuwa mmisionari wa Kilutheri, Richard Reusch, ambaye kreta ya juu imepewa jina lake. Ndiye aliyeeleza mwaka 1926 habari za chui aliyekauka kwenye barafu karibu na ukingo wa kreta.

Wanaopenda zaidi mchezo huu katika nchi kavu, kama majangwa ya kusini magharibi mwa Marekani, wamejifunza mambo yanayotufaa sisi wa maeneo yenye mvua chache. Huko mtu hushauriwa kubeba karibu lita 4 za maji kwa siku. Haingizi mkono chini ya jiwe asipopaona, maana nyoka na nge nao hutafuta kivuli, hutanguliza fimbo. Kisanduku hakiwekwi kwenye korongo, kwa sababu mvua ya mbali inaweza kuleta mafuriko chini ya jua kali. Na kanuni iliyo kubwa kwetu: hakifukiwi, na anayekitafuta hachimbi.

Hapa ndipo penye uzito wa suala hili. Kila mtu wa Babati na Kondoa amesikia habari za mali ya Mjerumani. Mwezi Aprili 1916 majeshi ya Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer yalipita Ufiome na kuingia Kondoa-Irangi, na Wajerumani wakarudi nyuma. Tangu hapo watu wameamini kwamba walizika dhahabu na rupia, wakaacha alama kwenye mawe. Imani hiyo imefilisi familia kadhaa, na imeharibu kisichorudishika. Kiasi cha kilomita 80 kusini mwetu, Kolo, kuna miamba yenye michoro ya kale, sehemu ya eneo lenye mapango zaidi ya 150 yaliyochorwa, ambalo UNESCO ililiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mary Leakey alinakili mingi ya michoro hiyo miaka ya 1950. Wasaka mali wamechimba chini ya baadhi ya miamba hiyo. Udongo ule ndio wenye mkaa, mifupa na zana zinazowasaidia wataalamu kujua nani aliishi pale na lini. Ukishachimbuliwa na kuchanganywa, hausemi tena kitu.

Sasa fikiria kijana anayechunga mbuzi, akute nyuma ya jiwe kopo lenye mihuri ya ajabu na maandishi ya Kizungu kuhusu hatua 40. Atasema ni uchawi, au ni ramani ya mali. Kesho yake watakuja watu na sululu.

Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba mchezo ukubaliwe, lakini si kwa siri. Serikali ya mtaa au kijiji ijue kila kisanduku kilipo. Kwaraa ni msitu wa hifadhi wenye tembo na nyati, hivyo lazima kibali na kiongozi mwenyeji. Maelekezo yaandikwe kwa Kiswahili pia. Juu ya kopo iandikwe wazi: hiki ni kifaa cha mchezo, ndani kuna daftari na muhuri tu, usichimbe. Kwenye michoro ya Kondoa, makaburini na mahali pa matambiko (Mungomi wa Kolo bado watu huenda kuomba mvua) kisiwekwe kabisa, hata mgeni akisisitiza.

Kwa wafadhili wetu: hatuombi fedha kwa ajili ya jambo hili. Daftari, kopo na kifutio vinapatikana sokoni Babati. Faida, kama itakuwepo, itatokana na malipo ya viongozi wa njia na akina mama watakaopika chakula cha wageni, nayo ilipwe kwao moja kwa moja, isipitie ofisini.

Kamati zitakazokubali zituandikie zikitaja njia inayopendekezwa, jina la kiongozi, na nani atakikagua kisanduku kila baada ya masika. Daftari lililolowa halisomeki, na kopo lililopasuka ni takataka.