Mbolea Inayooteshwa Shambani

Wali wa sinia yetu huanzia kwenye majaruba yaliyofurika maji. Humo, pasipo hewa, vijidudu huozesha mabaki ya mimea na kutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani.

Kusini mwa China, baada ya mavuno ya mpunga, wakulima huotesha mmea wa jamii ya kunde, kisha huulima na kuufukia ungali mbichi. Mmea huo huvuta naitrojeni ya hewani na kuirutubisha ardhi. Mbolea ya kiwandani hupungua, pamoja na gesi zitokanazo nayo.

Lakini subira yahitajika. Majani yakifunikwa na maji papo hapo, methani huzidi. Nawe mama mwenye jaruba, ukifukia majani ya kunde, yaache kwanza yaoze, ndipo ufungue maji.