Kazi ya Mkono wa Mbele

Bunduki ndefu hulengwa na mkono usiogusa kifyatulio. Mkono wa nyuma una kazi moja ndogo: kubana kidole taratibu bila kuishtua silaha. Kuubeba mtutu, kuuelekeza, kuutuliza na kuurudisha mahali pake baada ya teke ni kazi ya mkono wa mbele. Hata hivyo mwanafunzi akifika uwanja wa shabaha mara ya kwanza, maswali yake yote ni ya kidole, na mkono wa mbele anauacha ushike popote ulipoangukia. Katika sura hii nitauita mkono wa kushoto. Wenye mashoto waniwie radhi, wageuze maelezo.

Nimeichagua Kajiado kuwa mfano kwa sababu bunduki za huko ni za kazi. GSU, kikosi maalumu cha polisi, wana kambi yao ya mafunzo ya nyikani Magadi. Maranja wa KWS, shirika la wanyamapori, wanazunguka Amboseli, na upande wa kaskazini wanalinda mpaka wa kusini wa Mbuga ya Nairobi, ule usio na ua, ambapo mnyama akivuka mto Mbagathi yuko tayari kwenye nyanda za Kitengela. Kuna polisi wa akiba vijijini. Mwindaji wa burudani hayupo, maana uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977. Kwa hiyo mwenye raifo huku ni mtu anayetembea nayo mchana kutwa, pengine miezi, bila kufyatua hata risasi moja, kisha siku moja analazimika kufyatua vizuri. Ushauri wowote kuhusu mkono wa kushoto usiomkumbuka mtu huyu ni wa wauza vifaa.

Silaha iliyozoeleka begani mwake ni G3 ya Kijerumani, au mojawapo ya ndugu wengi wa AK. G3 ilichukuliwa na jeshi la Ujerumani Magharibi mwaka 1959. Ina urefu wa zaidi kidogo ya mita moja, na hata bila risasi uzito wake umepita kilo nne. Mtutu wake umefunikwa na ganda la plastiki, na ganda hilo lina sura mbili: jembamba, linaloenea kiganjani hata kwa mwenye vidole vifupi, na pana, lililotengenezewa nafasi ya kukunjia miguu miwili ya kuegemezea. Juu ya ganda, upande wa kushoto, kuna kitasa cha kukokea. Kitasa hicho hufikiwa na mkono wa kushoto, na hii ndiyo sababu kila mpangilio wa mkono kwenye G3 lazima ujibu swali hili: je, nitakifikia bila kuitoa bunduki begani? (Kwa mwenye mashoto jibu ni hapana, na amezoea kuonewa.)

AK ni fupi na nyepesi zaidi, na ganda lake la mbele ni la mbao, fupi, likifuatwa mara moja na magazini iliyopinda. Ndiyo maana utaona picha nyingi za wapiganaji wameishika magazini badala ya mbao. Si dhambi kubwa kama wakufunzi wengine wanavyodai, ila mkono ukikaa nyuma kiasi hicho mtutu unabaki mrefu mbele yake bila wa kuutuliza. Zaidi ya hayo, ukiivuta magazini ambayo haikukaa sawa, unaweza kuilegeza.

Tofauti nyingine ni teke. Risasi ya G3 hutoka mtutuni na nishati ya jouli 3,300 hivi, ya AK takriban 2,000. Zote zinaitwa 7.62 kwa kipenyo, jina linalowadanganya wengi, lakini ganda la risasi la kwanza lina urefu wa milimita 51 na la pili 39. Anayehama kutoka AK kwenda G3 bila kubadilisha namna ya kushika atauona mtutu ukiruka juu kulia, na risasi yake ya pili itapita juu ya alichokilenga.

Na Kitengela risasi inayopita juu ina mahali inapokwenda. Nyanda zile zimekatwakatwa kuwa ploti: nyumba ya mabati hapa, ghorofa isiyokamilika pale, shule, waya wa ua, ng'ombe. Risasi ya G3 ikielekezwa juu kidogo inaweza kuruka zaidi ya kilomita tatu kabla haijaanguka. Tarehe 30 Machi 2016, simba dume aliyejulikana kwa jina la Mohawk, mwenye umri wa miaka 13, alitoka mbugani akaonekana Isinya. Watu walimzunguka, wengine kwa bodaboda, akamjeruhi mtu mmoja. Maafisa waliokuwapo hawakuwa na bunduki ya sindano ya usingizi, wakampiga risasi akafa. Mjadala uliofuata ulihusu kwa nini hakulazwa usingizi, na ulikuwa mjadala wa haki. Mimi nauangalia upande wake mwingine, ambao haukuzungumzwa sana: askari amesimama wima kwenye uwanda usio na mti wa kuegemea, mnyama anasonga, na watu wako kila upande. Hakuna mkao mgumu kuliko huo, na karibu wote unategemea mkono wa kushoto.

Kwa wima kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni ya walenga shabaha wa zamani: kiwiko kinaletwa mbavuni, mkono unarudi nyuma karibu na magazini, kiganja kinatazama juu kikiwa wazi, na bunduki inakikalia kama sinia linavyokalia kiganja cha mhudumu wa hoteli. Uzito unashuka kwa mifupa ya mkono hadi kwenye nyonga, na msuli haufanyi kazi. Kwa risasi moja isiyo na haraka, mkao huu haujapata mshindani. Udhaifu wake unajitokeza shabaha inapotembea, kwa sababu mtutu unazunguka polepole na kupitiliza pale unapotaka usimame.

Njia ya pili ilienezwa na mashindano ya bunduki fupi Marekani na ikafika kwenye vikosi vya dunia nzima. Mkono unanyooshwa mbele karibu na mwisho wa ganda, kiwiko kikiachwa kimelegea kidogo. Vidole vinakumbatia ganda kutoka chini, na kidole gumba kinalala juu au ubavuni, kikielekea shabaha. Hesabu yake ni ya wenzo: kadiri mkono unavyokuwa mbali na bega ndivyo nguvu ndogo inavyotosha kuugeuza mtutu na kuusimamisha. Kwa bunduki ya kilo tatu inafaa sana. Kwa G3 yenye magazini iliyojaa, mtu mzima atatetemeka baada ya dakika moja. Isitoshe kidole gumba kinakutana na kitasa cha kukokea. Kwa hiyo kwa G3 napendelea katikati: mkono nusu ya ganda, kiwiko chini ya bunduki na si kando, bega likisukumwa mbele kidogo kulipokea teke.

Ukipata cha kuegemea, kiegemee. Hapo mkono wa kushoto unabadili kazi kabisa na kuwa mto kati ya bunduki na kitu kigumu. Boneti ya Land Cruiser, nguzo ya ua au shina la mgunga lisiguse mtutu kamwe: chuma kinachoegemezwa kinarusha risasi mbali na pale kilipozoea, na kwa AK, ambayo ganda lake limefungwa kwenye mtutu wenyewe, hata kulibana ganda kwa nguvu kunaleta tofauti. Wafugaji wa huku hutembea na fimbo, na fimbo ni msaada mzuri kuliko vifaa vingi vya dukani. Isimamishe, ishike kwa kidole gumba na cha shahada pamoja na ganda, uone jinsi vielekezi vya kulengea vinavyotulia. Mkanda nao usidharauliwe. Ukizungushwa mara moja kwenye mkono wa juu na kukazwa, unaondoa mtikisiko mwingi, na tayari umeubeba.

Sasa ndipo tufike kwenye mpini wa mbele, kile kishikio cha ziada kinachofungwa chini ya ganda. Si kitu kipya. Bunduki ya Thompson ya mwaka 1921 ilikuwa nao, na miaka ya 1960 viwanda vya Romania na Hungaria viliunda AK zenye mpini wa mbele tangu kiwandani. Kilichobadilika ni reli. Marekani ilipoweka kiwango cha Picatinny mwaka 1995, kila mtu aliweza kufunga na kufungua atakacho, na biashara ikafuata.

Mpini uliosimama wima una faida ya kweli pale bunduki ni fupi na ina mzigo mbele, mathalani tochi, au pale ganda linapokuwa moto. Pia humsaidia mwenye mkono mdogo kuivuta silaha begani. Ulioinama humwachia kifundo cha mkono pembe yake ya kawaida, na kwa maoni yangu huo ndio bora wa aina zote kwa anayefuata njia ya pili niliyoieleza. Kipo pia kigingi kifupi kisichozidi unene wa kidole, ambacho hakishikwi: kazi yake ni kuuambia mkono umefika mahali pake, hata gizani. Wengi wanaotaka mpini wanachohitaji hasa ni kigingi.

Kwa ranja wa Kajiado, mpini mrefu ni adha. Unanasa miiba ya migunga kila anapopita, unampiga nyonga anapotembea, na akilala kifudifudi au kuegemea boneti unaiinua bunduki juu isivyotakiwa. Isitoshe ganda la kawaida la G3 halina reli. Angehitaji ganda jipya la alumini, lenye uzito wake, na silaha ni ya serikali: haibadilishwi bila idhini ya ghala. Raia mwenye leseni na raifo ya kulengea shabaha ana uhuru mkubwa zaidi, lakini naye aanze kwa mkao. Bunduki ikiwa tupu na imekaguliwa mara mbili, alenge ukutani, afumbe macho, avute na kutoa pumzi, kisha afumbue. Vielekezi vikiwa vimehama, asivirudishe kwa nguvu ya mkono. Asogeze miguu au kiwiko, arudie. Mahali mkono unapotulia bila kulazimishwa apaweke alama ya utepe. Alama hiyo ndiyo inayoamua mpini ufungwe wapi, au kama unahitajika.

Ukifungwa, skrubu zikazwe kwa kiasi alichoandika mtengenezaji, zitiwe gundi ya nyuzi, kwa sababu teke huzilegeza baada ya magazini chache. Kisha bunduki irudi uwanjani, ipigwe risasi tatu tatu kwa umbali uleule iliporekebishwa awali. Mpini ukivuta ganda linalogusa mtutu, fungu la risasi litakuwa limehama, na vielekezi virekebishwe upya kabla silaha haijarudishwa kazini.